Almasi Iliyopasuka Mkononi mwa Elifuraha

Je, umewahi kuona jiwe likipasuka lenyewe, bila nyundo, bila moto, mbele ya macho yako?

Elifuraha Nnko ameona. Hadi leo ukimgusa bega ghafla akiwa kazini, anaruka.

Saa mbili asubuhi yuko kibandani kwake Kimandolu, Arusha, kitenge kimefungwa juu ya suruali, chupa ya chai iko chini ya meza ili isipate vumbi. Mashine inaunguruma. Sahani ya chuma iliyopakwa mafuta na unga wa almasi inazunguka, naye anashusha jiwe taratibu, analiinua, analitazama kwa lenzi, analishusha tena. Kukata almasi ni hivyo hivyo kutwa nzima, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto.

Ana miaka arobaini na minane na kazi hii ameianza akiwa msichana. Ila leo anachokata si almasi. Ni mwamba mweusi wa mwalimu mmoja wa chuo, kwa sababu vito haviji tena kama zamani. Alizoea kupokea mawe matano au sita kwa wiki. Tangu Machi, wiki nzima inaweza kupita bila hata moja.

Kuielewa sababu, sharti uijue desturi ya baraza la wauza mawe lililo mbele ya kibanda. Jiwe hukabidhiwa kwa neno la mdomo, mbele ya mabroka, madalali wa vito wanaoshinda wamekaa nje. Fundi akimaliza analirudisha pamoja na unga wote, hata ule ulioganda kwenye kitambaa alichofutia, maana unga nao ni wa mwenye jiwe. Fundi akitiliwa shaka hakuna ugomvi wala kesi. Watu wanaacha tu kumletea mawe.

Machi hiyo alikuja Naisiae, mjane kutoka kijiji cha Terrat, ambaye watu humwita Mama Lesian. Alifungua pembe ya kanga, akatoa almasi ambayo marehemu mumewe aliipata Shinyanga kwa kubadilishana na madume mawili ya ng'ombe. Ilikuwa safi kama tone la maji, ila ndani yake palikuwa na doa dogo jeupe, kama punje ya ulezi. Alitaka doa litolewe ili jiwe lipate bei, ajenge nyumba ya bati.

Mabroka wote walilitazama wakakubaliana naye. Barazani pale doa ni kasoro, na kasoro inaondolewa. Elifuraha naye aliona hivyo hivyo.

Alikata kuelekea kwenye doa siku mbili, mwenye jiwe akiwa amekaa pembeni. Siku ya pili mchana ukasikika mlio mkali, kama fimbo kavu ikivunjwa sikioni. Kitu kikampiga shavuni. Alipotazama kwenye ncha ya fimbo ya shaba ambako jiwe lilikuwa limegandishwa, hapakuwa na kitu.

"Sikupiga kelele," anasema. "Mdomo ulikuwa wazi lakini sauti haikutoka. Nilidhani nimekufa, halafu nikaanza kutamani iwe kweli."

Walifunga mlango, wakafagia, wakakung'uta nguo. Elifuraha alifumua nywele akaziosha kwenye beseni, Mama Lesian akayachuja maji mwenyewe. Vikapatikana vipande vitatu, kimoja kikubwa kama punje ya hindi, vyote vimefifia kwa nyufa na mafuta. Doa halikuonekana popote.

Mjane alivigeuza kiganjani muda mrefu, kisha akatoka navyo hadi barazani.

"Hili si jiwe langu," akawaambia mabroka. "Langu lilikuwa kama maji. Huyu amenipa vigae vya chupa."

Elifuraha alimfuata na kopo alimokusanya unga wote wa jiwe, akamnyooshea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Mama Lesian alivifunga vile vipande kwenye pembe ya kanga, kopo hakulipokea. "Baki nalo," alisema, "ukapikie ugali."

Kuanzia hapo utani ukawa ndio salamu. Broka mmoja, Kasaine, kila asubuhi alimuuliza, "Fundi, leo unapasua la nani?" Wenzake walicheka, na mawe waliyokuwa nayo mifukoni wakayapeleka kwa mafundi wengine.

Aliyelifungua kopo ni Gerson Mbise, mwalimu wa jiolojia, mwenye ule mwamba mweusi. Aliposikia habari aliomba unga ule, akauosha kwa petroli, akauchuja kwa soksi ya nailoni. Ndani yake kulikuwa na kibanzi cha almasi, na ndani ya kibanzi kulikuwa na doa. Akakipeleka chuoni kwenye mashine inayopiga mwale na kusoma mwanga unaorudi.

Mwalimu aliporudi na jibu, Elifuraha alidhani anamdhihaki.

"Fundi, doa lako ni mchanga."

"Mchanga huu wa kujengea?"

Kwa asili ni huo huo, alimweleza, ila huu ulibanwa chini sana, umbali kama wa kutoka Arusha kwenda Moshi na kurudi, ukienda chini moja kwa moja. Kule mchanga hujipanga upya, unakuwa mzito zaidi, na jina lake ni koesiti. Hupatikana pia mahali kimondo kikubwa kilipoipiga ardhi. Almasi ilikua ikiufunika. Ilipopanda juu, mchanga ulitaka kutanuka, almasi ikaukatalia. Ukabaki unasukuma kuta kwa mamilioni ya miaka.

"Na mimi nilikuwa napunguza ukuta," Elifuraha alisema, akatafuta mahali pa kukaa.

Mwalimu hakutaka kuapa kwamba hakukuwa na sababu nyingine. Lakini nyufa zote za kibanzi, alisema, zilianzia kwenye doa.

Juma lililofuata Mama Lesian aliitwa. Aliinamia lenzi, akakigeuza kibanzi mara mbili. Tangu mumewe afariki, kila asubuhi alikuwa akiliinua jiwe kwenye mwanga wa mlango wake na kulitazama doa lile.

"Ndilo," alinong'ona.

Aliomba radhi pale pale ndani ya kibanda, kwa sauti ya chini. Alikuwa amekuja na sukari na chupa ya samli, akaviweka mezani. Elifuraha alishukuru, akaendelea kuifuta sahani iliyokwisha kuwa safi. Nje, Kasaine na wenzake walikuwa wanaongea habari za mpira.

"Mwanangu, mbona hunitazami?" mjane aliuliza. "Nimekosa. Sema unataka nini."

Elifuraha aliweka kitambaa chini. Siku ile ya mlio sauti haikutoka, lakini safari hii ilitoka, kubwa, na barazani wakageuza vichwa.

"Nataka utoke nje, mama, ukifungue kile kipande kikubwa mbele ya wale uliowaambia si jiwe lako, unikabidhi mimi nikikate."