Waya wa Simu Chini ya Mto

Agosti 1988 Serikali iliwatangazia wananchi wote kwamba waya wa simu uliopita chini ya mto pale Kamukuywa, ukiunganisha Kitale na Bungoma, ulikuwa umekatwa na maadui kutoka nje. Kwamba maadui hao walijulikana. Na kwamba hatua kali zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Hatua zilikuwa mbili. Mpaka wa Suam ulifungwa, na Wabwile akakamatwa.

Wabwile alinunua maharagwe Suam na kuyauza sokoni Kamukuywa. Kwa hiyo alikuwa na marafiki ng'ambo ya mpaka, jambo ambalo muuza maharagwe hawezi kulikwepa. Mkewe, Nasimiyu, alienda kituo cha polisi Kitale kila asubuhi, akakaa kwenye benchi, akafukuzwa, akarudi kesho yake. Hapo kwenye benchi ndipo alipomsikia askari akilalamika kuhusu buti zake: ati waya ulikatiwa kwenye tope jeusi, kando ya mawe.

Pale kila mtu wa Kamukuywa alipajua. Wabukusu hutahiri Agosti, mwaka mmoja ndiyo, unaofuata la, na kijana hupakwa tope la mtoni kabla ya kukabili kisu. Mwaka huo mchimba tope alikuwa Nyongesa, kakake Nasimiyu mwenyewe.

"Uligonga kitu?" alimuuliza.

"Mzizi. Mgumu, bana. Nikaukata."

"Mzizi wa mti gani, ndani ya mto?"

Nyongesa akaliangalia jembe lake.

"Vaa viatu, twende Kitale."

"Ati nijipeleke? Si watanifunga?"

"Shemeji yako wamemfunga tayari, na hata jembe hakushika."

Kituoni, Inspekta Kemboi aliandika maelezo ya Nyongesa kwa makini. "Nani alikutuma?"

"Dada yetu mkubwa, afande. Mtoto wake alikuwa anatahiriwa."

"Anaishi nchi gani?"

"Naitiri, afande. Huko huko kwetu Bungoma."

Kemboi akaweka kalamu chini. Alieleza, kwa upole, kwamba hatua zimekwisha kutangazwa, na tangazo haliwezi kurudi nyuma kwa sababu ya tope. Nasimiyu alisema ataketi hapo mpaka lirudi. Akaketi. Alikuwa amekuja na blanketi.

Kabla ya wiki kuisha Wabwile aliachiliwa. Nyongesa alionywa asirudie, na asisimulie. Redio ikasema hatua kali zimezaa matunda.

Askari walilinda Suam mpaka Krismasi. Pale mtoni hakuwekwa mtu wala kibao, na mwaka wa 1990 ulikuwa wa tohara tena.