Spika ya Kushoto ya Bwana Sikio

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa mashine ya kusaga nafaka, na mtaani wanamwita Bwana Sikio. Huinama, akasogeza sikio la kushoto karibu kabisa na injini, akafumba macho, kisha akatangaza beringi ipi imechoka. Miaka ishirini na mbili hajakosea. Kwa hiyo alipoamua kununua amplifaya ya sebuleni, mimi ninayeishi nao nilijua tumekwisha.

Mwenye duka alimwazima mbili kwa wiki moja, achague. Kila moja ilikuwa boksi lenye kila kitu ndani isipokuwa spika; spika tulikuwa nazo. Moja nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Nyingine ya rangi ya fedha, yenye vitufe vingi kuliko kazi zake. Shemeji akatoa daftari, akaweka kiti chake katikati, spika moja huku na nyingine kule, akapiga wimbo uleule mara arobaini. Wimbo wenyewe niliupenda. Siku hizi ukipigwa redioni natoka nje.

Nyeusi ikapata alama sita: "Besi nzuri, ila kushoto imefifia." Ya fedha nayo sita: "Sauti safi, ila kushoto imefifia." Akazirudisha zote mbili, akaletewa ya tatu. Kushoto imefifia. Akaanza kumshuku mwenye duka, na mwenye duka, maskini, akaanza kumkwepa.

Dada hakuwa na habari na besi. Yeye alikuwa na kesi yake ya zamani: mumewe hamjibu. Kila jioni hukaa kwenye kochi dogo, kushoto kwa mumewe, akamsimulia ya siku nzima huku redio ikilia. "Naongea na ukuta," huniambia jikoni. Wiki hiyo akasema amechoka kupuuzwa, Jumamosi anakwenda kwa mama, na harudi mpaka afuatwe. Nilidhani ni maneno tu, mpaka nilipoliona begi mlangoni. Hapo niliogopa kweli.

Jumamosi ikafika. Shemeji akabadilisha nyaya, ya kulia akaichomeka kushoto. Wapi! Akahamisha spika zenyewe. Vilevile. Dada, viatu mguuni, uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, hebu geuza kiti utazame ukuta."

"Nitazame ukuta nisikilize nini?"

"Wewe geuza tu."

Akageuza. Spika ya kushoto sasa ikawa kulia kwake. Akasikiliza, akakunja uso. "Hii imepona," akasema. "Sasa ile nyingine ndiyo imefifia."

Nyani haoni kundule, na fundi naye hakulijua sikio lake. Injini ilikuwa imelila kidogo kidogo, miaka yote hiyo. Nilikuwa nimemcheka wiki nzima, nikaona haya.

Dada akasimama kushoto kwake. "Unataka chai?" Shemeji akaendelea kuchungulia vitufe. Akazunguka kulia, akauliza kwa sauti ileile.

"Chai, ndiyo, mke wangu. Asante."

Dada akaduwaa, machozi yakamlengalenga. "Kumbe hukuwa unanipuuza," akasema.

"Nikupuuze wewe? Lini?"

Dada akavua viatu. Akalishika kochi dogo, akaliburuta sebule nzima mpaka upande wa kulia, akaketi.

"Basi naanza upya," akasema. "Tangu mwaka wa harusi."

Shemeji akanyoosha mkono, akaizima amplifaya.