Maelekezo kwa Asiyewahi Kugusa Kompyuta

Kazi niliyoajiriwa ilikuwa ya ukatibu muhtasi, lakini kazi niliyojivunia hakuna aliyeniajiri nayo: kuandika maelekezo ya baruapepe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mtwara mjini, kwenye ofisi ya mradi wa korosho. Fundi alikuja kutoka Dar es Salaam, akatufungia programu ya baruapepe, akatuachia kitabu cha Kiingereza kinene kama Biblia ya mimbarini, akapanda ndege akaenda zake. Mabwana shamba wakaanza kunijia. Dada, hii inafunguliwaje? Dada, imenikatalia. Dada, nimesahau neno la siri. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku nilipomfokea mzee mmoja wa Mpapura, mtu wa umri wa baba yangu, nikaona aibu, nikakaa chini nikaanza kuandika.

Niliandika kwa ile programu ya maandishi matupu, isiyo na rangi wala mapambo, kwa sababu faili lake lilifunguka hata kwenye zile kompyuta kuukuu za vituo vya shambani. Programu ya barua ikibadilishwa kidogo, nami narudi kwenye faili langu. Kitufe kimehamia kushoto, naandika kushoto. Kanuni yangu ilikuwa moja tu: mwandikie mtu asiyewahi kugusa kompyuta, aliye peke yake, asiye na wa kumuuliza. Usimwambie "ingia" ukamwacha hapo. Mwambie abonyeze wapi, na akishabonyeza ataona nini. Chini ya kila ukurasa niliweka anwani yangu, kwamba ukikwama niandikie. Karatasi nilizozichapa zilipendwa, jamani. Mpaka intaneti kafe ya mjini waliomba nakala wakazibandika ukutani juu ya kompyuta, maana mabwana shamba wakija mjini walisomea barua zao pale.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni ya mtu aliyesahau neno la siri. Programu ilimuuliza swali alilolichagua mwenyewe siku ya kwanza. Akijibu sawasawa, anapewa nafasi ya kuweka neno jipya, na barua zake zote zinafunguka. Maswali yalikuja kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyeyatia Kiswahili: jina la mama yako, mji ulikozaliwa, mwalimu wako wa kwanza. La mama nililikataa. Jina la mama unaliandika kwenye kila fomu, ofisini nani asiyelijua? Nikachagua la mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, huko kwenye baridi, na huku pwani nani angemjua mwalimu wangu wa darasa la kwanza? Nikaandika jina lake la kweli. Nililelewa kanisani, ukiulizwa, unajibu ukweli.

Mume wangu alikuwa karani bandarini, mtu wa bara kama mimi, sote tuliletwa na kazi. Tulipanga nyumba ya uani kule Shangani, na Mungu alikuwa hajatujalia mtoto. Mbele za watu alikuwa mpole, hata akina mama wa jumuiya walikuwa wakinionea wivu. Ningewapa waonje wiki moja. Mwaka uliotangulia nilipata nafasi ya kozi Masasi. Hakugomba. Alivaa shati lake la ibada, akaenda kwa bosi wangu, akamwambia kwa adabu zote, "Mke wangu amebadili mawazo, ameona haya kuja mwenyewe." Bosi akaamini, nafasi akapewa mtu mwingine. Nilipomuuliza mume wangu kulikoni, alinijibu kwa kofi la sikio, na sikio lile lilivuma siku nyingi.

Kwa hiyo safari hii nilipoomba chuo Dar es Salaam, diploma na ufadhili juu yake, sikumwambia hata Mungu kwa sauti. Kila kitu kilipita kwenye baruapepe. Walikuwa wamenikubali. Iliyobaki ni barua moja tu, ya tarehe ya kuripoti. Nilijua akiingia kwenye barua zangu hatahitaji hata kunipiga. Ataandika kwa jina langu kwamba nimebadili mawazo, chuo kitaamini kama bosi alivyoamini, na mimi nitabaki Shangani naosha masufuria mpaka nife.

Basi nikawa mtu wa hofu. Akikohoa nashtuka. Funguo zikilia mlangoni, nainuka kabla hajaingia. Halafu, ujinga wangu, furaha nayo ilikuwa inanitoroka. Siku moja akaniangalia wakati napanga vyombo, akasema, "Siku hizi unacheka peke yako."

"Nacheka nini?"

"Nakuuliza wewe. Hebu nipe hilo neno lako la siri, nione mnaandikiana nini huko ofisini."

"Ni barua za ofisi, mume wangu. Hairuhusiwi."

Nikakaza shingo kungoja kofi. Hakunipiga. "Sawa, mama," akasema, akarudi kwenye redio yake. Weee! Aliyesema simba mwenda pole ndiye mla nyama, huyo aliishi naye nyumba moja. Afadhali angenipiga nikajua tumemaliza.

Siku chache baadaye akarudi kazini mapema, ana pweza mkononi. Mume wangu, na pweza! Akavuta kigoda akakaa jikoni, pale nilipokuwa namenya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku pwani, mahali ambapo tangu tuoane alikuwa hajawahi kukaa. Akaniuliza huko kwetu baridi ilikuwaje. Nikamweleza asubuhi za Juni, majani yote meupe kwa jalidi, sisi watoto tunakwenda shule bila viatu, tukimkuta ng'ombe amelala tunamwamsha ili tukanyage pale alipopaacha na joto. Akacheka, kicheko cha kweli. Akauliza shule ilikuwa mbali? Mbali, na kulikuwa na mto katikati. Akauliza marafiki zangu, michezo yetu, nani alinifundisha kuimba. Nilikuwa naongea kama bomba lililozibuliwa. Miaka yote ile hakuna mtu Mtwara aliyewahi kuniuliza nilikuwa mtoto wa namna gani. Nasema kweli, pale jikoni nilimpenda upya. Nikawaza, labda nimekosea kumficha, labda nimwambie habari ya chuo, labda atanisindikiza mwenyewe stendi.

Akachukua mng'oko mmoja, akaanza kunisaidia kumenya. "Na yule mwalimu wako wa kwanza," akasema bila kuniangalia, "aliitwa nani?"

Niliacha kumenya. Mtu wa kawaida angesema mwalimu wa darasa la kwanza, au angeuliza ni nani aliyekuanzishia kusoma. "Mwalimu wako wa kwanza" ilikuwa kauli yangu mimi, ya ofisini, niliyoichagua iwe fupi ienee kwenye kioo. Hakuitoa kichwani mwake. Alikuwa ameisoma mahali.

Mwalimu yule alikuwa mama mnene mwenye kifua kikubwa. Mvua zikijaza mto alikuwa akitubeba mgongoni mmoja mmoja kutuvusha. Jina lake lilikuwa ulimini tayari. Nikalimeza, nikamtajia jina jingine nililolitunga palepale, la kiume.

"Jina zuri," akasema.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Umeme hakuna. Wakati ule, kabla ya umeme wa gesi, Mtwara tulikuwa tunakaa na giza kama jamaa wa ukoo. Jenereta la ofisi halikuwa na mafuta. Nikabaki nimesimama mbele ya kompyuta iliyokufa, nafikiri. Akijaribu lile jina la uongo likakataliwa, atajua nimemdanganya, na kwa nini nimdanganye kama sina la kuficha? Dawa ni moja: jibu nililompa liwe ndilo jibu la kweli. Afungue, aingie, asikute kitu. Lakini lazima nitangulie mimi.

Kafe ilikuwa na jenereta lake, nililisikia tangu kona ya barabara. Binti wa pale, wazazi wake watu wa ng'ambo ya Ruvuma, alinichangamkia. "Dada! Shem alikuwa hapa jana. Anataka nimfundishe barua, nikamwambia sina nafasi, soma hiyo karatasi ukutani, nkeo kaandika vizuri mno, hata ntoto anaelewa. Kasoma mwenyewe mpaka kafika kwenye swali!"

Mume wangu alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Alikuwa peke yake, hana wa kumuuliza. Nilikuwa nimemwandikia yeye.

Nikakaa. Mtandao ulikuwa unajikokota, ukurasa unafunguka kwa mafungu. Kwanza nikafungua anwani mpya mahali pengine, na kila nilipoulizwa swali nilijibu uongo mtupu, mama yangu nikampa jina la mboga. Nikakiandikia chuo kwamba kuanzia leo waniandikie huku, kule kwa zamani wasiandike tena, hata wakipata ujumbe wa kutoka kule wasiuamini. Halafu nikaingia kwenye anwani ya ofisi nikabadilisha jibu la mwalimu. Nikafuta barua za chuo moja baada ya moja, kwa haraka mpaka nafuta na zisizohusika.

"Shem, karibu!" binti akasema.

Nilifunga ukurasa. Sijui nilibonyeza nini kabla ya kufunga. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, na shati lake la kazi.

"Unafanya nini hapa?"

Nikainuka, nikanyoosha mkono, nikabandua karatasi moja ukutani. "Nakagua maelekezo. Kuna kitufe kimehama, lazima niyaandike upya."

Akaniangalia. Nami nikamwangalia, karatasi mkononi. "Haya, kafanye kazi," akasema. Nikatoka nikamwacha humo.

Umeme ulirudi mchana. Niliwasha kompyuta, nikaandika neno langu la siri. Likakataliwa. Nikarudia polepole, herufi moja moja. Likakataliwa. Basi ameshaingia, ameweka la kwake. Nikafungua faili la maelekezo, angalau mikono iwe na kazi, na macho yakaangukia mstari niliouandika mwenyewe zamani: barua iliyofutwa haijapotea, inakaa kwenye taka mpaka uimwage. Mungu wangu! Niliimwaga taka? Nilikumbuka kuikusudia. Nilikumbuka mausi mkononi. Halafu "Shem, karibu," na baada ya hapo sikumbuki kitu. Na mstari ule ulikuwa umebandikwa kafe, sawa na mingine yote, kwa maneno ambayo hata mtoto anaelewa.

Nilihesabu nani ningemkimbilia Mtwara hii, nikaona ni akina mama walewale waliokuwa wakinionea wivu. Kabla ya kufunga ofisi nikaongeza sentensi moja kwenye sehemu ya swali la siri: jibu lako si lazima liwe la kweli, ila ulikumbuke. Nikahifadhi faili, nikaenda nyumbani, maana hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Aliingia jioni anapiga mluzi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa nyuma, viatu miguuni. Akavua shati, akanawa, akakaa mezani sebuleni kama siku zote, jikoni hakutia mguu. Nikamwandalia. Akala akisimulia meli iliyochelewa na mkuu wake wa kazi alivyo mjinga. Nilimchunguza uso mpaka macho yakauma. Hakuwa na hasira. Hakuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. Alikuwa mwepesi tu, kama mtu aliyetoka kumaliza shughuli iliyokuwa inamkera.

Bado sikuwa na hakika. Nikajitia moyo nikasema, "Jana sikukumalizia ile habari."

"Habari gani?"

"Ya kwetu. Ya ule mto, na mwalimu."

Akaninyooshea sahani. "Mto gani? Hebu niongeze mboga."

Nikajua nimepona. Hakuona kitu; angekuwa amezikuta barua za chuo, neno mwalimu lisingempita hivi. Nikaenda jikoni na sahani yake, na pale, badala ya kushukuru, nikaanza kulia, nimeuma kanga nisisikike. Barua ya tarehe ilikuja kwenye anwani mpya, na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa chuoni. Niliondoka yuko zamu, na begi moja. Lakini jioni ile sikulia kwa hofu. Nililia kwa sababu katika ndoa yangu yote mume wangu aliniuliza habari za utoto wangu mara moja tu, na nilifurahi.