Patroba Anunua Nyumba DeSoto

Mwaka ule wa 2005 Wakenya wa Dallas walikuwa na habari moja tu: nyumba. Zamani watu wakitoka kanisani waliulizana hali ya wazazi. Sasa waliulizana benki ipi imekubali, na kwa riba gani. Mikopo ilipatikana kirahisi, na vitongoji vya kusini kama DeSoto, ambavyo juzijuzi havikuwa na wa kuvitamani, vilishaanza kuringa. Kodi za fleti nazo zilipanda kila mkataba ulipoisha. Kezia, nesi wa wodi ya wazee, alikuwa amechoka kulipia kuta za watu.

Akaipata nyumba: ya matofali, mtaa mtulivu, na jiko ambamo wanawake wa kanisa wangepika bila kugongana viwiko. Hofu yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa mumewe.

Patroba alikuwa karani wa ghala, mtu wa heshima zake, lakini ujana wake ulipitia soko la Gikomba, Nairobi, akiuza viatu vya mitumba. Kwake bei inayotajwa ni salamu tu, mazungumzo bado. Huku Texas alikwisha kubishania godoro, meno ya mtoto, hata faini ya maktaba, na mara mojamoja alishinda, jambo lililozidi kumharibu.

"Baba Whitney," Kezia alimwambia garini, "hii nyumba naitaka. Nakuomba, usiniletee mambo ya Gikomba."

"Ukionyesha unaitaka, umeshalipa. Tukiingia, usitabasamu."

Basi Kezia akapita katika jiko la ndoto zake na uso wa matanga. Mwenye nyumba, mzee mjane aliyekuwa akihamia kwa bintiye Houston, aliwatembeza kwa upole. Patroba akalilaumu paa, akalisikitikia zulia, akagongagonga kuta kama anayechagua tikiti maji. Kisha akataja bei iliyomfanya Kalume, dalali wao kutoka Malindi, akohoe. Mzee akasema kwa bei hiyo hawezi. Patroba akashukuru, akaondoka.

Aliondoka kwa ule mwendo unaojulikana masokoni kote, Kairo hadi Lubumbashi: mwendo wa mtu anayesubiri kuitwa. Nyumbani Kenya hufiki kibanda cha pili kabla hujasikia, "Kuja basi, tuongee." Mzee alisimama mlangoni, akampungia mkono na kumtakia safari njema.

Patroba akauzunguka mtaa polepole, apatikane kwa urahisi. "Atapiga," akasema. Wiki nzima simu alikula nayo, akaingia nayo chooni. Kezia hakugombana, alimpakulia tu ugali wa jana.

Hatimaye simu ililia, lakini ni Kalume. Familia mbili zilikuwa zimeshapeleka bei zao, na jioni ile mzee angechagua. "Bwana Patroba," akasema, "yule mzee hakujua unacheza. Alidhani nyumba yake hukuipenda, akakuonea huruma."

Patroba akasema ziko nyumba nyingine. Ndipo Kezia akaichukua simu mkononi mwa mumewe.

"Kalume, andika bei aliyotaka mzee, kisha upande kidogo. Na umwambie mzee kwamba jiko lake nililipenda, ila nilikatazwa kutabasamu."

Mzee, Kalume alisimulia baadaye, alicheka mpaka akaketi. Aliwachagua wao.

Siku ya kutia sahihi, Patroba aliitazama ile bei, iliyokuwa juu kuliko bei ya kwanza kabisa ya mzee, akatia sahihi kimya kama mtu anayemeza dawa. Mzee akawapongeza, akaongeza kwamba mashine ya kukatia nyasi anawaachia bure. Macho ya Patroba yakarudiwa na uhai. Akajisogeza mbele, akakohoa kidogo, na kuanza kuulizia friji, lakini chini ya meza Kezia alikwisha kumkanyaga mguu.