Kompyuta ya Waya na Mlango wa Banda la Kuku

Mume wangu watu wanamwita Waya. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya kazi, maana ametengeneza redio na televisheni tangu ana nywele kichwani. Si kweli. Jina nilimpa mimi, kwa wembamba wake, tena mbele ya mama mkwe, naye mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Yeye ananiita Mama Sitaki, kwa kuwa aliponiposa nilikataa mara mbili kwanza.

Kompyuta yake ni ya zamani, ya enzi zile kompyuta ilikuwa kibodi tupu. Unaichomeka kwenye televisheni, na michezo inaingia kutoka kwenye kaseti huku ikilia kama paka wawili wanaogombana juu ya bati. Watoto wetu wote walijifunzia herufi pale. Na mimi pia, ingawa nilikuwa nawaambia napangusa vumbi. Siku hizi tunacheza nayo drafti kila jioni, mimi na Waya upande mmoja, mashine peke yake upande wa pili, na bado inatufunga.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Haikuwa sana, kikombe tu kinagongagonga kisahani. Lakini watu wakileta redio akawa anawaambia ana kazi nyingi, na kazi hana. Mara akakishusha kibao chake cha fundi kilichokuwa juu ya mlango, akakifanya mlango wa banda langu la kuku. Kuku nikawafungia humo bila kugomba. Kwangu mimi hilo si jambo la kawaida, na yeye aliliona.

Ikabaki ile kompyuta tu. Hiyo alikuwa bado anaifungua, anaisafisha, anaizungumzisha. Nilijua siku akiacha kuigusa hiyo, ufundi umekwisha, na mtu mwenyewe sijui atabaki nani.

Basi herufi moja ikaanza kukwama. Waya akaifungua mashine na kuacha umeme unapita, ili aone kwenye kioo cha televisheni kama herufi inatokea. Jambo hilo maisha yake yote alikuwa akiwagombeza wengine wasilifanye. Bisibisi ndogo ikamponyoka, ikalala juu ya bodi, ikagusanisha visivyotakiwa kugusana. Ikalia tap. Kioo kikawa cheusi, na harufu ya kuungua ikanifuata mpaka jikoni.

Nilimkuta amevua miwani.

"Imepiga shoti," akasema. "Nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Haya, itengeneze."

"Mama Sitaki, hii mikono huioni?"

"Naiona kila siku, inanimwagia chai. Itengeneze."

Binti yetu wa mwisho alikuwa amekuja kututazama. Akasema kwa upole, "Baba, nitawaletea mpya. Hii iacheni ipumzike."

"Na baba yako naye tumwache apumzike?" nikamuuliza. "Utaniletea mpya?"

Binti akacheka. Waya hakucheka, lakini alivaa miwani.

Kesho yake akakubali kutafuta ugonjwa. Kutafuta tu, alisema, si kutengeneza. Akanionyesha chipu za kumbukumbu, zimejipanga mstari kama watu wanaosubiri daktari. Iliyoungua, akasema, inapata moto kuliko wenzake. Tukazigusa. Vidole vyake vina sugu za lehemu, vyangu vina sugu za masufuria, tukaambulia patupu. Akazipaka zote spiriti kwa pamba, akawasha umeme.

"Tazama wewe mwenye macho. Ipi inakauka kwanza?"

"Ya tatu kutoka kushoto."

"Una hakika?"

"Nimeanika nguo maisha yangu yote, nishindwe kujua kilichokauka?"

Chipu nyingine alikuwa nayo kwenye kopo la biskuti, aliing'oa zamani kwenye mashine iliyokufa. Akaikata ile mbovu kwa koleo, miguu yake akaing'oa mmoja mmoja. Hapo alijitahidi. Ilipofika zamu ya lehemu, ncha ya chuma cha kulehemia ikawa inacheza ngoma juu ya bodi. Akaiweka chini.

"Umeona sasa?"

Mimi nikishona vifungo siuachi mkono uelee hewani. Nilichukua soksi yake, nikaijaza mchele, nikaifunga fundo, nikaiweka mezani.

"Lalisha mkono hapo."

"Fundi hafanyi kazi juu ya mto."

"Basi leo usiku fundi asilalie mto pia."

Akanitazama, akaulalisha mkono. Kutetemeka hakukuisha, ila kulipungua kukawa kama kupumua. Mguu wa kwanza wa chipu ulichukua muda mrefu kiasi kwamba chai yangu ilipoa. Alipofika miguu ya mwisho alikuwa anapiga mluzi.

"Washa wewe," akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Naogopa."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake, hata siku alipokuja kuniposa mara ya tatu. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi, kikawa kijivu, kikasafika, na kile kialama kidogo kinachongojea herufi kikaanza kukonyeza pembeni. Waya akasema tu, "Leta kaseti." Paka wakalia juu ya bati, tukacheza drafti, mashine ikatufunga.

Asubuhi jirani yetu fundi cherehani, ambaye redio yake ilishakataliwa, alipita kusalimia. Nikamsikia Waya anamuuliza, "Ile redio yako iko wapi? Umeitupa?" Baadaye nikasikia nyundo. Nilipotoka nje, kuku wangu wote wako kwenye bustani ya mboga, banda liko wazi, na Waya yuko juu ya kiti anakipigilia kibao chake pale pa zamani.

"Na kuku je?"

"Watapata mlango mwingine," akasema, misumari mdomoni.

"Sitaki," nikamwambia, nikaenda kumshikia kiti.