Uwanja wa Gofu Uliochorwa na Ng'ombe

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nyapara wa wakata nyasi katika uwanja wa gofu wa Wazungu, Kisii mjini. Mkubwa wangu, mhandisi wa barabara aliyesimamia pia uwanja wa klabu, alikuwa Mskoti mwenye masikio mekundu, na aliuchukia uwanja ule kwa moyo wake wote. Mvua ilikuwa nyingi mno, nyasi laini mno. Siku moja alinipakia garini pamoja na mfuko wake wa fimbo, tukaenda Kisumu siku mbili ili nikaone gofu yenyewe.

Kule kando ya ziwa ardhi ilikuwa kavu, nyasi fupi, na upepo haukupumzika. Mpira haukuruka sana. Ulikimbia chini kama panya, ukapinda pale ardhi ilipopinda. Mhandisi alifurahi hadi akaimba. Akanieleza kwamba kwao viwanja bora viko ufukoni mwa bahari, juu ya mchanga, wala havikujengwa na mtu. Kondoo hujikinga upepo, hulala mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, pakabonyea pakawa kibonde cha mchanga. Mchezaji akifika anakuta mtego wa kunasa mpira wake uko tayari.

"Kwa hiyo fundi ni kondoo?" nikamuuliza.

"Kondoo na upepo. Mtu akitia mkono wake, anaharibu."

Njia nzima ya kurudi niliyawaza malisho yetu kule Kenyenya. Kondoo hatukuwa nao wa kutosha, lakini ng'ombe wa baba walikuwa wameukanyaga mteremko ule tangu kabla sijazaliwa. Nikamwomba mhandisi fimbo moja iliyovunjika, nikaitia mpini wa jembe. Akaniongezea mipira mitatu iliyochubuka.

Jumapili nikaenda huko na rafiki yangu mpishi wa klabu, mtu wa ziwani, hodari wa kucheka kuliko kupika. Shimo la kwanza la kuingizia mpira tulilichimba bondeni, palipopendeza macho. Kila mpira, hata ukipigwa vibaya namna gani, uliteremka wenyewe ukaingia. Mpishi aliingiza mara tatu mfululizo kwa pigo moja moja, akatangaza kwamba ataenda kuwafundisha Wazungu.

La pili tukalichimba kileleni. Hapo kila mpira ulipanda, ukasita, ukarudi miguuni petu kama mbwa aliyeitwa. Tulikuwa bado tunatoka jasho mama alipotokea kwenye shamba lake la wimbi, jembe begani.

"Mmepoteza yai?" akauliza kwa Ekegusii.

"Ni mchezo, mama."

"Mmepumzika jana Jumamosi, Sabato yetu. Leo ni siku ya kazi, nanyi mnacheza mchezo wa kushindwa kupanda mlima?" Akautazama mteremko. "Tata," akaniita, maana kwetu mama humwita mwanawe baba, "umeona wapi ng'ombe akipanda wima? Wanakwenda upandeupande."

Akanionyesha vijia vyao vilivyoukata mteremko kama ngazi. Nilikuwa nimevipita maisha yangu yote na sikuwahi kuvitazama.

Tukalihamishia shimo kwenye kijia kilicho kipana kuliko vyote. Sasa mpira uliteremka ngazi kwa ngazi. Mara ulitulia vizuri, mara uliponyoka hadi mtoni kule chini bondeni. Nguvu za mpishi hazikumfaa kitu. Ilibidi kwanza ukae uisome ardhi. Nilimshinda kwa pigo moja. Alisema ni kwa sababu ng'ombe ni wa ukoo wangu.

Mhandisi alipokuja kuona, alipiga magoti kijiani akapima kwa jicho moja. Kisha akacheza: mapigo kumi na moja, mipira miwili mtoni. Nilingoja matusi. Badala yake alivua kofia.

"Nani alichora hapa?"

Mama hakujua Kiswahili, ila alimwona akizungusha mkono juu ya malisho. Akamwonyesha ng'ombe mwekundu aliyekuwa akijisaidia karibu na kibendera tulichosimika shimoni. Mhandisi akamwinamia ng'ombe yule kwa adabu zote.

Wiki iliyofuata, klabuni, aliniamuru niache kusawazisha vijia vya mifugo vilivyokuwa upande wa chini wa uwanja, na nyasi za hapo nizikate fupi kabisa. Wachezaji wengine walilalamika mno kwamba mipira imeanza kukimbia ovyo. Waliniuliza mimi, wakamuuliza yeye. Kila mmoja wetu alijibu kwamba ni mambo ya hali ya hewa.