Kilo Tatu Kamili

Mtaani walimwita Gramu, naye alilipokea jina hilo kama mtu aliyepewa cheo. Alikuwa fundi wa mizani. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la dawa na duka la viatu, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia ubavu ubavu, na humo ndani kwa miaka thelathini alikuwa ametengeneza mizani ya kila mwenye duka wa eneo lile. Wote walimheshimu na hakuna aliyempenda. Akija mtu akaanza kuzungukazunguka, "Fundi, si ungeilegeza hapa kidogo tu, biashara yenyewe unaiona," Gramu alimrudishia mzigo wake mlangoni na kumsindikiza kwa matusi ya adabu, yale yanayouma zaidi, mpaka muuza viatu akatoka nje kusikiliza. Kwake yeye wanadamu walikuwa wa aina mbili, yeye na wezi.

Basi mtu huyu, mwenye mvi na wajukuu wawili, akanunua gari la kuchezea. Msicheke bado. Lilikuwa la betri, la kuendeshwa kwa rimoti, lenye matairi makubwa kama mabakuli ya kunawia, na wenzake wenye magari ya namna hiyo walikuwa watu wazima wenye kazi zao: mwalimu wa hesabu, dereva mstaafu wa lori, muuza nyama, na wengine kama kumi hivi. Kila Jumapili alasiri walikutana nyuma ya ghala bovu, wakarundika udongo uwe vilima, wakayarusha magari hewani na kupigiana kelele kama watoto walioachiwa nyumba. Lililoruka mbali zaidi bila kupinduka ndilo lililoshinda.

Aliyemtia Gramu wazimu ule ni muuza nyama. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa kicheko kikubwa na shingo isiyoonekana. Siku ya kwanza gari la Gramu liliporuka lilianguka puu, hatua mbili tu kutoka kilimani, na shemeji akashika tumbo kwa kucheka.

"Shemeji, hilo lako linataka winchi! Si ununue vipuri vyepesi kama mimi?"

"Kununua," Gramu alimwambia mkewe jioni ile, akilitema neno lenyewe. "Kaka yako hata akili angenunua, ila hajapata duka lenye saizi ndogo ya kumtosha."

Mkewe alikuwa anakunja nguo, wala hakuinua macho. "Na wewe ungeanza na hicho kitambi, baba, kabla ya gari."

Tangu siku hiyo Gramu alitaka kitu kimoja tu duniani: kumshinda shemeji yake mbele za watu, kwa gari alilolipunguza uzito kwa mikono yake mwenyewe, bila kununua hata skrubu.

Mchana, wateja walipokwenda kula, alifunga mlango nusu na kuanza kazi. Gari lilikuwa na kilo tatu na gramu mia tisa. Fremu akaitoboa kwa keekee, tundu baada ya tundu, hadi ungeweza kuchujia chai. Skrubu za chuma akazing'oa akaweka za alumini, zilizotoka kwenye mizani zilizokufa. Waya zilizojikunja bila sababu akazikata akaziunga upya fupi. Sponji za ndani ya matairi akazinyoa kwa wembe, maana aligundua kuwa uzito wa kwenye gurudumu ndio adui mkubwa, huo mota inaubeba na kuuzungusha pia. Betri kubwa akaitoa, akaweka ndogo iliyodumu dakika sita, na dakika sita zinamtosha mtu mwenye kisasi. Kila kilichotoka alikiweka kwenye mizani yake bora, akakisomea hukumu kwa sauti, peke yake kibandani: "Gramu mbili na nusu. Kwaheri!"

Likafika mahali likawa jepesi mno. Ukilikanyagia moto tu linapinduka chali, matairi yakizunguka angani. Shemeji alipoliona akasema hilo sasa si gari, ni mende. Gramu alisogeza betri mbele upana wa vidole viwili, na Jumapili iliyofuata gari likaruka na kutua kwa miguu yote minne. Yeye akawaangalia watu mmoja mmoja mpaka wakaona haya.

Sasa kila mtu akawa anatoboa. Wengine walitoboa hadi visivyotoboka. La dereva wa lori liliishia jepesi kama boksi tupu, upepo ukalibeba juu ya ukuta likavunja kioo cha watu. Ikabidi iwepo sheria, na nani wa kuiandika kama si Gramu? Kilo tatu, akasema, na lisipungue hata gramu moja. Gari likishagusa mizani haliongezewi kitu, lilivyo ndivyo lilivyo. Na mizani itakuwa yangu. Hakuna aliyebisha, maana hata waliomchukia wasingemwamini mwingine. Mizani iliwekwa juu ya meza, kioo cha namba kikimtazama yeye peke yake, na alichosoma ndicho kilichokuwa.

Jumamosi ya kabla ya fainali alifanya mazoezi mpaka jua likapoa, akalibeba gari hivyohivyo hadi kibandani, akaliweka kwenye mizani. Kilo tatu na gramu tatu. Alicheka peke yake. Gramu mia nane tisini na saba alikuwa amezing'oa, na hizo tatu alijiachia za ukarimu.

Jumapili alitangulia uwanjani na mizani yake ili aisawazishe vizuri. Mkewe, ambaye hajawahi hata siku moja kwenda kutazama upuuzi ule, alisema leo atakwenda. Gramu alijifanya hakujali, ila mlangoni aligeuka mara mbili. "Basi uje na gari, mke wangu. Ulibebe kama yai."

Foleni ilianza na mwalimu wa hesabu. Mzee wa watu, mpole, fainali yake ya kwanza, amevaa hata tai. Gari lake likasoma pungufu gramu nne.

"Gramu nne tu, fundi," mwalimu alisema. "Niruhusu nibandike sarafu kwa chini."

"Sarafu!" Gramu alipaza sauti ili walio nyuma wasikose. "Mwalimu mzima, unafundisha watoto wa watu hesabu, na tatu yenyewe hujui inaanzia wapi? Ungekuja dukani kwangu ningekuuzia gramu nne kwa rejareja. Kaa benchi."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akachukua gari lake, akaenda kukaa nalo mapajani, na tai yake.

Hapo ndipo mkewe alipofika, kavaa gauni lake zuri, boksi mikononi. Alilifungua mbele ya kila mtu. Gari lilikuwa linang'aa.

"Nimelisugua," alisema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Kwa mswaki, mpaka ndani ya matairi. Lilikuwa limejaa tope! Lingekuja hivyo mbele za watu wangesema huna mke."

Gramu aliligeuza gari chini juu: hakuna hata chembe ya tope. Mtu aliyepima skrubu moja moja, aliyenyoa sponji kwa wembe, jana alilipima gari likiwa na tope lote la uwanja, akaliita uzito! Mtoto anayeuza karanga angejua kufuta kwanza. Akaliweka gari kwenye sahani ya mizani, kwa sababu hakuwa na la kufanya, na namba zikacheza, zikatulia. Elfu mbili mia tisa themanini na tisa.

"Mbona kimya, shemeji?" Muuza nyama alikuwa nyuma yake kwenye foleni, gari lake kifuani, akianza kukichungulia kioo. "Tusomee."

Kuna kidole cha wauzaji. Hakihitaji nguvu. Kinakaa nyuma ya sahani, kwenye ukingo, kikiibonyeza kidogo tu, huku mwenye nacho akikutazama machoni na kukuuliza habari za watoto. Gramu alikifahamu vizuri kama daktari anavyoufahamu ugonjwa, na alikuwa ameapa mara nyingi kuwa mwenye kidole hicho hastahili hata kusalimiwa. Alimtazama mkewe ndani ya gauni lile. Kidole chake kidogo kikaenda chenyewe. Chenyewe! Ndivyo wanavyosema wote.

"Kilo tatu kamili," alisema.

Wakapiga makofi, mkewe kuliko wote. Shemeji hakupiga. Yeye alikuwa ameishi na kidole kile tangu ujana, angekitambua hata gizani. Akamsogelea Gramu hadi sikioni.

"Karibu, shemeji," alimwambia taratibu, bila kebehi hata chembe, kama mtu anayemfungulia ndugu mlango. "Miaka yote tulikuwa tunakungoja."

Kisha akachuchumaa palepale, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua bampa ya chuma ya gari lake na kuitia mfukoni. Akasimama, akaliweka gari kwenye sahani, akatulia kama mteja mwenye haki yake.

Elfu mbili mia tisa arobaini na tano.

"Nisomee, fundi."

Gramu aliisoma namba ile mara ya pili, na ya tatu. Shemeji alikuwa amemkazia macho, wala hakuwa na haraka.

"Kilo tatu," alisema mwishowe, "na gramu arobaini na tano."

Kwenye benchi mwalimu akainua mkono, kama wanavyoinua wanafunzi wake.

"Samahani, fundi. Wiki iliyopita gari hilo lilisoma kilo tatu na gramu ishirini, likiwa na bampa. Leo bampa haipo, na uzito umepanda?"

Uwanja mzima ukamgeukia Gramu. Mkewe naye.

"Mwalimu, kaa," alisema. "Mizani imeshasema."

Na mwalimu, ambaye hajapata kuisikia mizani ya Gramu ikisema uongo, akaomba radhi mbele ya watu, akakaa.